Pikapu ya Baba, Bajeti ya Shilingi 150,000 na Kihisi Kilichonidanganya

Najua nimewaacha bila habari kwa muda mrefu. Wengine mliniandikia mkiuliza kama nimehamia ughaibuni. La hasha! Nimekuwa chini ya gari. Kwa hivyo leo hakuna somo la hifadhidata. Leo ni kutu, grisi na shilingi. Lakini vumilieni, maana mwishoni tutarudi kwenye programu, na atakayeaibika ni mtunzi wa programu mwenyewe, yaani mimi.

Gari lenyewe

Ni Peugeot 504 pikapu, injini ya petroli ya sisi 1,796, gia nne, na mkono wa gia uko kwenye usukani. Vijana wa leo wakiuona hudhani ni wa indiketa. Peugeot walitoa 504 mwaka 1968, na pikapu ikafuata miaka kama kumi baadaye. Nyingi ziliunganishwa hapa hapa Kenya. Wazee wanaikumbuka 504 kwa Safari Rally: Ove Andersson alishinda nayo mwaka 1975, na Jean-Pierre Nicolas akashinda na ile ya milango miwili mwaka 1978. Sisi wengine tunaikumbuka kwa matatu na mizigo.

Baba aliinunua ya mtumba mwaka 1991. Tulikuwa tunaishi Njabini, Kinangop Kusini, na kazi yake ilikuwa kupeleka kabichi soko la Wakulima, Nairobi. Alikuwa akiondoka saa saba za usiku ili afike kabla wanunuzi hawajaamka vizuri. Karo yangu ilitoka humo. Tarakilishi yangu ya kwanza, kuukuu na yenye skrini nzito kama jiwe la kusagia, ilifika nyumbani nyuma ya pikapu hiyo ikiwa imefunikwa kwa magunia.

Mwaka 2014 presha ya macho ilimlazimu Baba kuacha kuendesha. Pikapu ikaegeshwa nyuma ya nyumba, na kuku wakahamia ndani.

Krismasi iliyotangulia ile iliyopita ndugu zangu walileta hoja. Kuna mnunuzi wa vyuma chakavu, anatoa shilingi 38,000, na analibeba mwenyewe. Sote tulimwangalia Baba. Alichosema ni hiki tu: "Injini haijafa. Imenyamaza."

Nikajikuta nimeropoka kwamba nipewe mwaka mmoja na sitatumia zaidi ya shilingi 150,000. Nikishindwa, mwenye vyuma aitwe. Dada yangu mkubwa alicheka na kuandika tarehe kwenye kalenda ya jikoni.

Bajeti

Nililivuta gari hadi kwa fundi wa jua kali, Kariobangi Light Industries. Watu watatu tofauti walinishauri nitoe injini ya Peugeot niweke ya Toyota. Ushauri huo si wa kipuuzi, spea za Toyota ziko kila kona. Lakini injini na kazi ya kuifunga zingemeza shilingi 120,000 peke yake, halafu bado niende NTSA kwa ukaguzi na kubadilisha maelezo ya gari kwenye logibuku. Isitoshe, mtunzi wa programu anaujua mtego huu. Ukirithi programu ya zamani usiyoielewa, jambo la kwanza unalotamani ni kuifuta uandike upya. Mara nyingi unagundua baadaye kwamba ile ya zamani ilikuwa inafanya mambo ishirini ambayo hukuyajua.

Basi tukabaki na injini yake. Hizi hapa hesabu, kwa wale wanaopenda hesabu:

- Kuvuta gari kutoka Njabini hadi Nairobi: 12,000
- Kuchomelea sakafu na milango, mbao mpya na vyuma vya nyuma: 38,000
- Breki zote, mbele na nyuma: 21,500
- Tairi nne: 32,000
- Kabureta kufanyiwa usafi, plagi, pointi, kondensa na nyaya za plagi: 11,800
- Kusafisha rejeta: 3,500
- Rangi: 18,000
- Elektroniki (nitaeleza): 3,200

Jumla 140,000. Nilibaki na elfu kumi za dharura na kiburi kingi.

Spea nyingi nilizipata Kirinyaga Road, ambayo wengi bado tunaiita Grogan. Siri ya Grogan ni kubeba kile kilichoharibika mkononi. Ukienda na jina tu la kifaa utauziwa kinachofanana nacho. Ukienda na chenyewe, muuzaji atavilinganisha mbele yako.

Kuhesabu kutoka nyuma

Siku ya kuwasha injini tulianza saa nne asubuhi. Fundi alikuwa amepanga distribyuta vizuri, kisha akaitwa kwenye gari lingine, nami nikajitolea kufunga nyaya za plagi. Kazi ndogo. Mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2, nimeusoma, nimeuelewa. Nikafunga.

Tukapiga stata. Injini ikakohoa, moto ukaruka kupitia kabureta, fundi akaruka pia. Tukajaribu tena. Kohoo lile lile. Tukakagua pointi, petroli na kondensa. Nikakagua mpangilio wa nyaya mara nne, na kila mara ulikuwa 1-3-4-2. Saa saba ikatukuta tumekaa kwenye tairi tunaangaliana.

Nikampigia Baba simu, si kwa kuomba msaada, bali kumwambia kwamba leo haitawezekana. Akasema, "Hebu piga stata nisikie." Nikaweka rununu kwenye boneti. Injini ikakohoa mara mbili. Baba akauliza, "Plagi ya kwanza umeihesabu kutoka wapi?"

"Mbele, Baba. Kwa rejeta."

"Peugeot huhesabiwa kutoka nyuma. Kwa flaiwili."

Sisi watunzi wa programu hugombana kama hesabu ianze na sifuri au moja. Hatujawahi kugombana kama ianze mbele au nyuma! Na tazama jinsi mdudu huyu alivyojificha. Ukigeuza hesabu, 1 inakuwa 4 na 3 inakuwa 2. Mpangilio 1-3-4-2 unageuka 4-2-1-3, ambao ukiuzungusha ni ule ule 1-3-4-2. Ndiyo maana kila nilipokagua niliona sawa. Lakini pistoni ya 1 na ya 4 hupanda pamoja: moja ikiwa inakandamiza mchanganyiko wa petroli na hewa, nyingine inasukuma moshi nje. Kwa hiyo kila cheche yangu ilikuwa inafika mzunguko mmoja mzima mbali na mahali pake. Mpangilio sahihi, wakati mbaya.

Tulibadilisha nyaya kwa dakika tano. Injini ikawaka. Kwenye simu sikusikia neno, nilisikia tu Baba akimwita Mama aje asikilize.

Kihisi changu

Sasa tuje kwa aibu yenyewe. Geji ya joto ya dashibodi ilikuwa imekufa, na silinda hedi ya injini hii ni ya aluminiamu. Ikichemka sana inapinda, na ikipinda unaanza kulipa. Nikasema hapa ndipo taaluma yangu itafaa. Nilienda Luthuli Avenue nikanunua ESP32, kihisi cha joto cha DS18B20 chenye ganda la chuma, skrini ndogo na kengele. Kihisi nilikifunga kwenye paipu ya juu ya rejeta. Niliandika programu usiku mmoja: soma joto kila sekunde, lionyeshe, na likifika nyuzi 100 piga kengele. Maji huchemka kwa nyuzi 100, sivyo? Kila mtoto wa shule anajua.

Baba alikuwa amekuja Nairobi kliniki ya macho. Nikaona hakuna siku nzuri kuliko hiyo: nitamrudisha Njabini ndani ya pikapu yake. Alipanda, akapapasa dashibodi, akagusa mkono wa gia, akafunga mkanda. Hakusema kitu hadi tulipopita Limuru.

Kutoka hapo barabara inapanda kuelekea Kimende. Pikapu ilikuwa inavuta vizuri, skrini inaonyesha nyuzi 88, kisha 91, kisha ikaanza kushuka. 84. 77. Nikafurahi. Nikamwambia Baba, "Unaona? Hata mlima hauisumbui."

Baba akasema, "Nasikia harufu tamu. Simama."

"Baba, skrini inasema nyuzi 71."

"Skrini haina pua. Simama kando."

Nilisimama, nusu kwa heshima na nusu kwa kumridhisha. Nilipofungua boneti, mvuke ulinikaribisha. Rejeta ilikuwa tupu. Hozi ya hita, ya zamani, ambayo niliiacha ili niokoe shilingi 400, ilikuwa imepasuka kando ya klipu.

Kwa nini kihisi kilisema 71? Kwa sababu kihisi hakipimi injini. Kinapima kile kinachokigusa. Maji yalipoisha, paipu ya juu ndiyo iliyokuwa ya kwanza kubaki tupu, na kihisi kikawa kinapima hewa na mvuke unaopoa. Kadiri injini ilivyozidi kuungua, ndivyo skrini yangu ilivyozidi kunituliza.

Na nyuzi 100 je? Nazo zilikuwa kosa. Kadiri unavyopanda juu ya usawa wa bahari ndivyo maji yanavyochemka mapema. Kwenye mita 2,500, kimo cha huko kwetu, huchemka kwenye nyuzi 92 hivi. Rejeta nzima huzuia hilo kwa kifuniko chenye springi, ambacho hushikilia shinikizo ndani. Springi ya kifuniko chetu ilikuwa imechoka, na hozi iliyopasuka ikamaliza kazi. Hata kama maji yangekuwapo hadi mwisho, kengele yangu isingelia kamwe.

Tulikaa kando ya barabara zaidi ya saa moja tukingoja injini ipoe. Nilitaka kumwaga maji mara moja. Baba akanikataza, maana maji baridi kwenye chuma cha moto ndiyo hupasua. Magari yakapita yakipiga honi kwa kuipenda pikapu. Sikuwa na hamu ya kupungia mtu mkono. Nilikuwa nimempakia mzee asiyeona vizuri kwenye gari ambalo nusura niliue mbele ya pua yake, na pua hiyo ndiyo iliyoliokoa.

Gasketi ilikuwa imeungua na hedi imepinda kidogo. Fundi wa Njabini aliitoa, tukaipeleka kusawazishwa, tukaweka gasketi mpya, hozi zote mpya na kifuniko kipya cha rejeta. Wakati wa kuirudisha Baba alikaa kwenye kiti kando na kutukumbusha nafasi za vali: ya kuingiza 0.10, ya kutolea moshi 0.25, injini ikiwa baridi. Shilingi 17,400. Jumla kuu ikawa 157,400. Nimezidisha bajeti kwa 7,400, kwa sababu ya hozi ya 400.

Nilimpelekea dada hesabu yote bila kuficha. Alikaa kimya, kisha akauliza kama pikapu inaweza kumbebea sofa hadi Naivasha. Nikajua kesi imekwisha.

Niliyojifunza

Kwanza, kama bajeti ni ndogo, okoa kwenye rangi na urembo. Usiokoe kwenye maji, breki wala tairi. Leo ningepaka rangi ya shilingi 10,000 na kununua hozi zote siku ya kwanza.

Pili, sasa nina kihisi cha pili kilichofungwa kwenye chuma cha hedi chenyewe, na ncha mbili za waya ndani ya rejeta. Maji yakiwapo, umeme mdogo unapita kati yake. Yakipungua, unakatika na kengele inalia. Programu pia hupiga kengele joto likishuka ghafla gari likiwa linapanda mlima. Habari njema isiyo na sababu ni hitilafu. Hilo natamani ningelijua kazini miaka kumi iliyopita.

Tatu, kabla ya kufungua kitabu cha gari au kuuliza mtandao, muulize aliyeliendesha. Mimi nilikuwa na mwongozo mzima kwenye rununu, na sikumuuliza mtu aliyelala na injini hii akilini miaka 23.

Baba hawezi kuisoma skrini, kwa hivyo nimeipa sauti. Mlio mmoja ni salama, miwili ni angalia, mitatu ni simama. Jumapili iliyopita tulienda hadi Flyover na kurudi. Ulilia mmoja tu njia nzima. Tulipofika nyumbani alisema mlio huo ni mzuri, ila vali moja inagonga.

Nimeikagua. Inagonga.

Wenye 504 zilizolala nyuma ya nyumba, niandikieni. Michoro ya nyaya na programu yenyewe nitampa yeyote anayetaka, bure. Hadi tutakapokutana tena, na msihesabu kutoka mbele!