Mizani ya Chai Darasani: Kufundisha Mifumo ya Taarifa na Ngazi za Uongozi

Miongoni mwa mada za somo la biashara ambazo wanachuo huzikariri upesi na kuzisahau upesi ni ile ya mifumo ya taarifa na ngazi za uongozi. Huchora pembetatu, wakaigawa sehemu tatu, wakaandika: uongozi wa juu, wa kati na wa chini. Mgawanyo huo una asili yake. Mwaka 1965 Robert Anthony wa Chuo Kikuu cha Harvard alitofautisha upangaji wa mambo makuu, udhibiti wa rasilimali na usimamizi wa kazi za kila siku. Lakini mwalimu mtarajiwa anayeijua pembetatu peke yake hataweza kumweleza mwanafunzi kwa nini meneja mmoja anahitaji karatasi ambayo mwenzake haihitaji.

Hapa Bulyaga, mjini Tukuyu, hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Rungwe ni wilaya ya chai, na baadhi ya wanachuo wetu wamesomeshwa kwa zao hilo. Kwa hiyo mimi huanza na stakabadhi ya kituo cha kupokelea majani mabichi, kabla ya kulitaja neno “mfumo”. Juu yake pana tarehe, namba ya mkulima, uzito, na kiasi kilichokatwa kwa ajili ya unyevu. Nauliza: nani anaihitaji karatasi hii, na kwa uamuzi gani?

Msimamizi wa kituo huihitaji leo hii. Majani yaliyochumwa yakirundikwa kwa muda mrefu hupata joto na kuharibika. Hana budi kujua zimepokelewa kilo ngapi na lori liko wapi. Meneja wa kiwanda hatazami stakabadhi moja moja, bali jumla ya wiki, akilinganisha majani yaliyoingia na chai kavu iliyotoka. Wakurugenzi hufikiria miaka: wanunue mtambo mpya au wangoje, wapeleke chai mnada wa Mombasa au ule wa Dar es Salaam ulioanza mwaka 2023. Hao huhitaji pia habari za nje ya kampuni, kama vile bei za dunia na thamani ya dola.

Baada ya hapo naligawa darasa makundi matatu, kila kundi ngazi yake, na kuwapa takwimu tulizozitunga wenyewe. Kwa kawaida kilo 4.5 za majani hutoa kilo 1 ya chai kavu. Wiki hii zimeingia kilo 22,500, lakini zimetoka kilo 4,500 tu badala ya 5,000. Kilo 500 zimekwenda wapi?

Kundi la wakurugenzi aghalabu hudai lipewe stakabadhi zote. Nawapa rundo zima. Baada ya dakika kumi hukiri kwamba hawaoni kitu, na hapo hutambua kuwa wingi wa karatasi si wingi wa taarifa. Kundi la meneja hugundua kwamba upungufu umetokea siku tatu za mvua. Kundi la kituo ndilo linalofungua daftari na kuona kuwa siku hizo safu ya unyevu haikujazwa. Kampuni imelipia kilo 2,250 za maji.

Mwaka mmoja mwanachuo aliinuka akauliza: “Mkufunzi, mkulima yuko ngazi gani?” Darasa lilinyamaza, kwani katika pembetatu hana mahali. Naye ndiye chanzo cha takwimu zote! Kama karani akikata unyevu kupita kiasi, hasara ni ya mkulima, na hakuna muhtasari wa juu utakaoionyesha, maana kiwandani hesabu itaonekana nzuri. Tangu siku hiyo nafundisha kwamba mfumo unaopandisha taarifa bila kuziteremsha haujakamilika. Mkulima anastahili kujua alikatwa kiasi gani, kwa sababu gani, na bei imefikiwaje.

Kwa walimu wenzangu napendekeza mambo matatu. Kwanza, tuanze na karatasi ambayo mwanafunzi ameiona nyumbani. Pili, tusilichanganye neno mfumo na kompyuta. Mizani ya kielektroniki na simu huharakisha kazi, lakini safu isiyojazwa hubaki tupu hata ndani ya kompyuta. Tatu, kila muhtasari tuufundishe pamoja na njia ya kurudi kwenye stakabadhi ya kwanza. Pasipokuwa na chai, duka la ushirika, zahanati au hata stoo ya shule yaweza kutumika vivyo hivyo. Mwanafunzi aliyekwisha kuifuata kilo moja ya majani kutoka kwenye mizani hadi meza ya wakurugenzi, kisha akairudisha kwa mkulima, ataichora pembetatu mwenyewe, na atajua kilichopungua ndani yake.