Bwawa Lijijaze Lenyewe, au Tulijaze Sisi?



Biharusi anayejenga nyumba na kutaka bwawa dogo uwani atafika pahala fundi atamuuliza, au hatamuuliza: maji yajijaze yenyewe, au mtajaza kwa mikono yenu? Sisi fundi hakuuliza. Boya la kujazia aliliandika kwenye hesabu baina ya vigae na taa, na tuliliona kwa sababu karatasi ile tuliisoma pamoja, mstari kwa mstari. Tukamwambia amalize vyote, hilo aliache kwanza. Wiki tatu tulilizungumza boya kuliko tulivyozungumza rangi ya kuta za nyumba nzima.

Bwawa letu lina mita 7 kwa 3 na nusu, limezungukwa na ukuta mrefu, wala hatulionei haya. Pwani ya Unguja ni nzuri, lakini mwanamke anayetaka kuogelea bila ya macho ya mtu hana pahala pengi pa kwenda. Wenye uwezo walilijua hilo zamani. Hamamu za Kidichi zilijengwa mwaka 1850, enzi za Seyyid Said, kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi. Na humu ndani yumo Bimkubwa, ambaye daktari alimshauri atembee ndani ya maji kwa ajili ya magoti. Kila asubuhi baada ya dhuha huingia na dera lake, akishika ukingo, akisoma nyiradi zake.

Boya lenyewe si kitu kigeni. Ni kama lile la tangi la choo: maji yakishuka nalo linashuka, koki inafunguka, maji yakifika kiwango linapanda, koki inajifunga. Yapo na ya umeme, yenye kihisio kinachopima kina cha maji, ghali zaidi. Kwa kisiwa ambacho umeme unakatika na maji yake yana chokaa nyingi inayogandia kila kitu, tungechagua la kawaida bila kufikiri mara mbili.

Mmoja wetu alilitaka, na hoja yake ilikuwa nzito. Pampu ya bwawa hufyonza maji kupitia mdomo ulio ubavuni, na maji yakishuka chini ya mdomo ule inavuta hewa, inapata moto, inaungua. Tukienda Pemba kwa Iddi tukakaa siku kumi, nani atasimama na mpira wa maji? Hata tukiwepo, mtu anarudi kazini amechoka, kuna kupika, kuna watoto na chuo, halafu asimame kujaza bwawa.

Mwengine akasema tupime kwanza. Ilikuwa miezi ya Kusi, jua kali na upepo haulali. Tulichukua ndoo, tukaijaza maji ya bwawa, tukaiweka juu ya ngazi ya bwawa mpaka maji ya ndani na ya nje yakawa sawasawa. Tukatia alama ndani ya ndoo na nje yake, pampu tukaizima, tukasubiri siku moja kamili. Bwawa likishuka kuliko ndoo, basi linavuja. Vikishuka sawa, ni jua na upepo tu. Vyote viwili vilishuka milimita 6. Alhamdulillah, halivuji. Lakini milimita 6 kwenye bwawa la ukubwa ule ni lita 147 kwa siku, yaani madumu saba ya lita 20 na kidogo juu yake.

Madumu saba ndiyo yaliyobadilisha mazungumzo. Nje ya ukuta wetu kuna mfereji. Marehemu baba aliuweka uwe sadaka yake inayoendelea, na unatoka kwenye tangi lile lile la juu tunalotumia sisi, kisima kile kile. Mwezi wa kwanza na wa pili, kabla ya Masika, maji ya mtaa yanapokuwa ya kuotea usiku, wanawake wa jirani hupanga madumu yao pale kuanzia Alasiri. Kisima chenyewe si bahari. Karibu maji yote tunayotumia Unguja yanatoka chini ya ardhi, na kwenye visima vya karibu na pwani maji matamu yamekaa juu ya maji ya chumvi. Ukivuta mno kwa pupa, chumvi inapanda, na ikishapanda hairudi chini kwa siku mbili.

Boya halijui kuwa nje kuna foleni. Litavuta Alasiri kama litakavyovuta saa nane ya usiku. Na likivuta, hutajua limevuta kiasi gani, maana kazi yake ni kukufanya usijue. Tuseme bwawa limepata ufa, linashuka sentimita 2 kwa siku badala ya milimita 6. Hizo ni lita 490, madumu zaidi ya 24 kila siku yanaingia mchangani, na wewe ukitoka uwani unaona bwawa limejaa, unasema mashaallah.

Kuna na jambo la pili ambalo kila mwenye bwawa anapaswa kulijua, hata asiyejali bei ya maji. Bomba la kujazia likizama ndani ya maji ya bwawa, na nguvu ya maji ya bomba ikaanguka ghafla, kama inavyotokea hapa kila siku, bwawa linaweza kunyonywa kurudi kwenye bomba la nyumba. Maji yenye klorini, jasho na mafuta ya watu yakaenda jikoni. Kwetu sisi yangekwenda na kwenye mfereji wa sadaka. Dawa yake ni rahisi: mdomo wa bomba ukae juu, kuwe na nafasi ya hewa baina yake na maji. Muulize fundi wako nafasi hiyo iko wapi, na akuoneshe kwa kidole.

Tulimweleza Bimkubwa yote haya, maana nyumba ni yake kabla ya kuwa yetu. Tulidhani atakasirika kuhusu magoti. Akasikiliza, akasema, "Wanangu, mimi nimechota kisimani kwa kamba mpaka nimeolewa. Maji usiyoyachota huyajui uzito wake. Mimi nitatembea hata yakipungua, lakini mfereji wa mume wangu usikauke."

Hatukuwa na la kuongeza. Sote tunasoma katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akitia udhu kwa mudi moja na akioga kwa pishi moja mpaka mudi tano, yaani kama lita tatu hivi. Sisi tulikuwa tunajadili lita 147 za kupeperushwa na upepo. Hatusemi bwawa ni haramu, tungelifukia. Lakini kilichozidi kwetu ni haja kwa mwenye dumu, na Mtume amekataza kuzuia maji yaliyozidi.

Uamuzi ulipokuja haukuwa wa yeyote kati yetu wawili. Boya tumetia, lakini halikuunganishwa na kisima. Paa letu lina kiasi cha mita 140 za mraba. Mvua ya milimita 10 tu inaleta lita 1,400, ukitoa zile za mwanzo zinazoosha vumbi na kinyesi cha ndege, ambazo tunaziacha zimwagike. Tumeweka tangi la lita 5,000 juu ya jukwaa la matofali pembeni mwa uwa, maji yanateremka yenyewe bila mota. Yakiwepo, boya linajaza. Yakiisha, limekwisha, bwawa lishuke. Kwa lita 147 kwa siku tangi linakwenda zaidi ya mwezi, na tangu tuanze kulifunika bwawa kwa turubai kila baada ya Bimkubwa kutoka, linakwenda zaidi ya hapo. Boya lenyewe tumelishusha vidole vitatu chini ya tundu la kumwagia, kwa sababu Masika bwawa linajazwa na mbingu, na likiwa limejaa pomoni tayari, mvua yote inapita.

Tukisafiri tangi likiwa tupu, tunazima pampu na kutia klorini kabla ya kufunika. Maji yatashuka kidogo, basi. Na mashoga wanaotuuliza kama tunayabadilisha yote mtoto akikojoa: hapana. Maji mengi kiasi hiki yamepita kulatani mbali sana, hayanajisiki ila yakibadilika rangi, ladha au harufu. Kuyamwaga yote kwa hilo ndiyo israfu yenyewe.

Fundi alitaka lile bomba la kisimani aliache na koki yake, kwa dharura. Tulimwambia alikate na alizibe kwa saruji. Akalikata, huku akicheka, akatuambia tutamwita mwezi wa pili. Namba yake tunayo.