Chambo cha Chini

Nikiri mapema kwamba fimbo niliyoizoea maishani si ya kuvulia samaki. Nilipofika Ziwa Naivasha nikiwa mstaafu, aliyenifundisha kuvua kwa chambo cha manyoya alikuwa mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ana mashua yake.

Samaki tuliyemfuata ni besi, mwenye kinywa kipana, aliyeletwa ziwani humo mwaka wa 1929. Asili yake ni Marekani. Hupenda maji ya vuguvugu, akajificha kando ya mafunjo. Kijana wangu (ana miaka 55, lakini kwangu ni kijana) alifunga vyambo viwili katika mshipi mmoja. Cha juu ni kipande cha kizibo, kama kile cha chupa, kilichovishwa manyoya. Huelea, na kikivutwa hupiga kelele kama chura anayeruka majini. Kwenye pindo la ndoana yake alifunga uzi wa dhiraa moja hivi, na mwishoni kidudu cha nyuzi na waya wa shaba, kinachozama. Kelele ya juu humwita samaki. Akisita kupanda, humeza cha chini. Mvuvi hukitazama kile cha juu tu: kikisimama ghafula au kikizama, ainue.

Kurusha ndiko kulikonishinda. Ukiupeleka mkono mbele kabla mshipi haujanyooka nyuma yako, vyambo vinasokotana. Nilivisokota mara tatu. Kila mara alikaa akifungua mafundo bila neno, na kimya chake kilinirudisha mwaka wa 1984. Nilikuwa mwalimu mkuu mgeni, niliyetoka chuo cha ualimu na imani kwamba kimya cha mtoto ni ukaidi. Nilimchapa viboko vinne mbele ya shule nzima kwa kutoroka darasani kwenda kuvua ziwani humu humu. Kenya haikupiga marufuku viboko shuleni hadi 2001, kwa hiyo wakati huo viboko vilikuwa bado vinaruhusiwa. Lakini hakuna sheria iliyonikataza kumwuliza alikuwa akimvulia nani.

"Unakumbuka mwaka ule..." nilianza.

"Inua, Mwalimu!"

Kizibo kilikuwa kimezama. Niliinua nikiwa nimechelewa, mshipi ukarudi mtupu. Alicheka, akaukagua uzi wa chini kwa vidole. Nikaiweka fimbo chini, nikaanza upya. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mama alikuwa mgonjwa," akasema, kisha akanirudishia fimbo.