Mchanga Katika Dagaa

Sisi ni mume na mke, wakazi wa Kibara, wilayani Bunda, na riziki yetu hutoka katika dagaa wa Ziwa Victoria. Usiku wa giza wavuvi huwasha taa majini, dagaa wakaifuata nuru, na alfajiri sisi tuko mwaloni tukinunua. Mwezi unapokuwa mpevu uvuvi hupumzika, nasi hukaa nyumbani tukipiga hesabu.

Kwa muda mrefu hesabu hiyo ilihusu fedha tu. Tulipofungua kundi la WhatsApp la wateja wetu wa Mwanza, Dodoma na Dar es Salaam, nia yetu ilikuwa kutangaza bei, si kusikiliza. Siku moja mama lishe wa Dodoma akaandika mbele ya wote kwamba dagaa wetu wana mchanga, na kwamba wateja wake wawili wamesusa sahani. Tuliona ametuvunjia heshima. Tukaufuta ujumbe wake, tukamtoa kundini, tukajiliwaza kwamba biashara haikosi hasidi.

Haikupita wiki, tukiwa mkekani tunakula, binti yetu wa miaka tisa akauliza: "Mama, mbona dagaa tunaokula sisi hawana mchanga?"

Hakuna aliyemjibu. Dagaa wa nyumbani tulikuwa tukiwaanika juu ya turubai. Wale wa kuuza tuliwamwaga ufukweni, kama wafanyavyo wengi, kwa kuwa mchanga ni bure na nafasi ni kubwa.

Usiku ule tuliikumbuka hadithi iliyopokewa na Abu Huraira, iliyomo katika Sahihi Muslim. Mtume (SAW) alipita penye lundo la chakula, akaingiza mkono ndani yake, vidole vikakuta unyevu. Mwenye mali akasema kimenyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakukiweka juu kile kilicholoa ili watu wakione, kisha akabainisha kuwa mwenye kudanganya si miongoni mwa wafuasi wake. Sisi tulikuwa tumezidi kuficha: tulimfukuza yule aliyeingiza mkono.

Asubuhi tulimpigia simu. "Dada yetu, tumekukosea. Tuwie radhi." Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Nilisema kwa sababu nilitaka kuendelea kununua kwenu. Wasiotaka hawakusema, waliondoka tu."

Tulimrejesha kundini na kumwomba radhi mbele ya wale wale waliotuona tukimtoa. Kisha tukajenga chanja za miti na nyavu kuukuu, zenye kimo cha kiuno, hewa ikapita juu na chini. Chanja hazitoshi kama ufukwe, hivyo bei ilipanda kidogo na baadhi ya wateja wakatuacha. Hatukuwalaumu.

Sasa, kila mwezi unapokuwa mpevu, tunawauliza wateja mambo matatu: mchanga, harufu na ujazo. Mwenye kuona haya hutuandikia faraghani, na hakuna ujumbe unaofutwa kwa kuwa unatuuma. Kwa njia hiyo mteja wa Mwanza alitufunulia kwamba magunia ya masika yanafika yakiwa na unyevu ndani. Tulikuwa tukifunga kabla dagaa hawajakauka sawasawa, kwa haraka ya kuwahi gari. Siku hizi gari likituacha, tunasubiri jingine. Walioharibiwa na mvua tunawauza kwa wafugaji wa kuku, na tunawaambia wazi sababu.

Ndugu zetu katika imani, nyumba nyingi leo zinauza kitu kupitia simu: maandazi, kanzu, mafuta ya nywele. Anayelalamika mbele yenu huenda ndiye mteja aliyebaki. Kabla ya kumjibu, onjeni mnachomuuzia.

Yule mama hajawahi kutusifu. Wiki iliyopita aliandika maneno machache tu: "Gunia moja, kama lile la mwezi uliopita." Tulimsomea binti yetu. Alhamdulillah.