Mbwa Aliyetufundisha Upole

Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 mwezi wa tano 2021, watu wengi wa Goma walikimbilia Sake na Bukavu. Mbwa wengi walibaki bila wenyewe. Mmoja alikuja kulala uani kwetu, amekonda, ana kovu shingoni. Jirani alituuliza: “Mbwa wa kuokota ana faida gani?”

Kwanza tulimwita daktari wa mifugo amchanje, kwani kichaa cha mbwa, dalili zake zikiisha kuonekana, hakina dawa. Kisha tukangoja. Kila tulipopaza sauti alijificha nyuma ya jiko, akitetemeka. Basi nyumba nzima ikajizoeza kusema kwa sauti ya chini. Baada ya miezi miwili alikula mkononi mwa binti yangu, na hata ugomvi wetu wa mezani ulikuwa umepungua.

Leo analinda mlango usiku. Nashukuru, ila upole ule alioturudishia wanipendeza zaidi.

Tobia naye, katika Maandiko, alisafiri na mbwa wake. Ukimwona aliyeachwa, usimrushie jiwe, wala usimguse kwa haraka: mwambie mzazi, mtafute daktari wa mifugo.