Tapeti, Kutoka Fila Geji Hadi Presha ya Oili

Katika gereji ya mjomba wangu, Mombasa, tapeti ikigonga tulishika spana na fila geji. Injini za petroli za Land Rover za wakati ule zilitaka nafasi ya milimita 0.25 kwenye kila valvu. Ukiipata, unakaza nati, kelele inakwisha, mwenye gari anaondoka. Mjomba alisisitiza tusikilize kwanza ndipo tufungue.

Nilipohamia Marekani na kuajiriwa kwenye gereji ya magari ya kale, nilikuta injini za V8 za Chevrolet zenye tapeti zinazoziba nafasi hiyo zenyewe. Ndani yake mna pistoni ndogo na valvu inayozuia oili isirudi. Oili haibinyiki, kwa hiyo hushikilia kila kitu bila kulegea. Ikipungua, au ikichanganyika na hewa, injini inagonga, na fila geji haikusaidii kitu.

Tapeti hizo zilikuwa bapa, zikisugua kemshafti moja kwa moja. Ford ilianza kufunga zenye gurudumu kwenye V8 yake ya lita 5.0 mwaka 1985, Chevrolet ikafuata mwaka 1987. Miaka ya 2000, oili zilipopunguziwa zinki na fosforasi ili kulinda katalisti, kemshafti nyingi za tapeti bapa zililika. Wenye magari ya miaka ya 1950 na 1960 wakaanza kutuletea injini tuwafungie tapeti za gurudumu.

Kazi ikabadilika tena, maana bloku za zamani hazikuchongwa kwa ajili ya tapeti hizo. Kemshafti inayonyanyua sana inaweza kuipandisha tapeti mpaka mfereji wake wa oili uchungulie nje ya tundu, presha ikamwagika. Ndiyo maana tunaizungusha injini kwa mkono na kuikagua kila tapeti ikiwa juu kabisa na ikiwa chini kabisa.

Kabla ya kuwasha, tunazungusha pampu ya oili kwa drili kupitia tundu la distributa mpaka oili itoke kwenye kila roka. Kwenye V8 ndogo ya Chevrolet, ganda la distributa ndilo linaloziba njia ya oili ya tapeti za upande mmoja. Ukitumia chuma kitupu kisicho na ganda, upande huo unabaki mkavu, na tapeti nzima zinatupwa bure. Nimeona wateja wengi wakipoteza fedha kwa namna hiyo, na inaniuma.

Ndugu fundi, tapeti zinazotegemea presha ya oili zikigonga, usikimbilie dukani. Funga geji ya oili kwenye bloku yenyewe, usiitegemee ile ya dashibodi, kisha pima injini ikiwa moto: presha ya paundi 10 kwa kila mizunguko 1,000 kwa dakika ni kipimo tunachokiamini. Hakikisha oili ni ya uzito unaofaa, halafu ifuate tundu kwa tundu. Tapeti mpya inunuliwe mwisho.