Bampa likilala, usikimbilie nyundo

Wadau wa Udom, UE zimeisha, bumu lenyewe lilishakata kitambo, kwa hiyo wiki nzima nimejichimbia uani kwa bamdogo, Area C, nanuka grisi tu. Leo sina stori za hosteli. Nina stori ya bampa.

Bamdogo ana Land Rover Series III fupi, ile ya inchi 88, aliyoachiwa na marehemu babu. Series III zilianza kutengenezwa mwaka 1971, na hii imekula sana vumbi la barabara ya Kondoa enzi haijawekwa lami. Bampa la mbele lilikuwa limelala kulia, upande wa dereva. Fundi mmoja kaangalia kwa macho tu, akasema chesisi imepinda, bora liuzwe chuma chakavu. Bamdogo akaanza kukubali. Shangazi akanuna, maana kitu cha babu kilichobaki ndicho hicho.

Nikaomba siku mbili. Bampa la Land Rover ni chuma kilichonyooka, kimefungwa kwa bolti kwenye ncha za chesisi. Likilala, washukiwa ni watatu: bampa lenyewe, chesisi, au kilicho chini ya chesisi. Tukajaza matairi upepo sawa, gari likakaa kwenye sakafu ya saruji, tukapima. Kulia kulikuwa chini kwa sentimita 3. Tukapima kutoka eksili hadi chesisi: tofauti ile ile! Tukapima chesisi kwa mshazari, kona kwa kona: sawa. Basi chesisi ikaachiwa huru, ikabaki springi.

Sasa hiki wengi hawakijui. Springi za mbele za gari hizi hazilingani. Ya upande wa dereva ina nguvu zaidi, kwa sababu tangi la mafuta nalo liko huko huko, chini ya kiti chake. Kumbe kuna mtu zamani alizifunga kinyume! Tukainua kwa jeki, tukaweka stendi chini ya chesisi (kuingia chini kwa kutegemea jeki peke yake ni kujitafutia kifo, jamani), tukazirudisha mahali pake. Bolti za bushi hukazwa mwisho gari likiwa limekanyaga chini kwa uzito wake, la sivyo mpira unajisokota na kuchanika mapema.

Bampa likapanda lenyewe. Zikabaki kama milimita 5; tukamwagia dizeli bolti zilizoshika kutu, tukazilegeza, tukalisogeza hadi pima maji ikatulia katikati, tukakaza kulia na kushoto kwa zamu.

Bampa lililolala ni kama homa. Ukiipiga nyundo, unanyoosha dalili tu, ugonjwa unabaki.

Mnunuzi wa chuma chakavu alikuja juzi, bamdogo akamwambia gari haliuzwi. Shangazi siku hiyo katupikia ugali kwa mlenda, anaimba jikoni.

Wenye magari ya wazee huko Kongwa, Mpwapwa na Manyoni, pimeni kwanza. Nawakilisha.